Bampa lililouzwa mara mbili: faharasa ilipoachwa nyuma na kanzidata

Malalamiko yaliingia kwa simu, Jumatatu asubuhi. Fundi mmoja wa Mbeya alikuwa ameulizia bampa la mbele la Noah SR40, jeupe, akaambiwa lipo, akatuma hela Jumamosi, akangoja risiti ya basi. Risiti haikuja. Bampa lenyewe lilikuwa limeshachukuliwa Ijumaa na mteja aliyefika kaunta yetu ya Gerezani, Dar es Salaam, na fedha taslimu mkononi. "Dada, kama halipo si ungesema tu halipo? Gari ya mtu imelala hapa kwangu siku ya tatu." Dada wa simu hakuwa na la kujibu, maana hata wakati anaongea naye, skrini yake ilikuwa bado inasoma "lipo".

Fundi alirudishiwa hela yake siku hiyo hiyo. Mimi nilipigiwa nusu saa baadaye, na swali la bosi halikuwa la kiufundi hata kidogo: "Hivi kompyuta inadanganya?"

Ilikuwa inadanganya, na kwa njia tatu tofauti kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kisa hiki kilinichukua wiki nzima badala ya mchana mmoja.

Biashara ni ya spea zilizotumika, zinazoshushwa kwa kontena kutoka Japani: taa, bampa, milango, rejeta, hata injini nzima. Jambo la kushika hapa ni kwamba kila kitu ni kimoja. Muuza sabuni akichelewa kupunguza hesabu kutoka katoni 400 hadi 399, nani atajua? Kwetu hesabu inatoka 1 kwenda 0, basi. Bampa jeupe lenye mkwaruzo upande wa kushoto halina pacha wake stoo. Taarifa ikichelewa, mteja ananunua hewa.

Bidhaa zote zimeandikwa katika PostgreSQL, kanzidata yetu, na huko ndiko mauzo yanakofungwa. Ila sanduku la kutafutia halisomi PostgreSQL. Linasoma Elasticsearch, chombo cha utafutaji, ambayo ina nakala ya kila bidhaa iliyopangwa kwa ajili ya kutafutwa. Nakala hiyo ndiyo naiita faharasa, kwa sababu inafanya kazi ileile ya faharasa ya mwisho wa kitabu: haisimulii kitu, inakuelekeza kilipo. Tuliichagua kwa sababu wateja huandika kama wanavyotamka. Mmoja ataandika shokapu, mwingine shoka apu, wa tatu atachanganya Kiswahili na namba ya chesisi. Faharasa inajua kwamba hao wote wanataka kitu kimoja.

(Nikiri hapa hapa: kwa bidhaa zetu elfu arobaini na kitu, PostgreSQL yenyewe ingetosha. Ina utafutaji wa maandishi, na ina nyongeza ya pg_trgm inayovumilia makosa ya herufi. Tungebaki humo, bampa na faharasa yake vingebadilika ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la mabadiliko yanayofungwa yote au yasifungwe hata moja, na nisingekuwa na kisa cha kuandika. Lakini Elasticsearch nilikuta imeshafungwa, visawe vya majina ya spea vimeshakusanywa kwa miaka, na hakuna aliyekuwa tayari kuanza upya. Mwenye kuanza leo na duka la ukubwa huu asikimbilie vyombo viwili.)

Kwa hiyo tuna sehemu mbili zinazosema habari ya bampa moja. Ukurasa wa bidhaa unasoma PostgreSQL, na ungefunguliwa ungeonyesha "limeuzwa". Orodha ya matokeo inasoma faharasa. Dada wa simu hafungui ukurasa: mteja yuko hewani, salio lake linakwenda, naye anasoma orodha tu kwa macho na kujibu. Hilo sikulijua mpaka nilipokwenda kukaa pembeni yake. Mimi nilikuwa nimejiaminisha siku zote kwamba faharasa ikikosea, ukurasa utamsahihisha mtu.

Mtuhumiwa wa kwanza niliyemkamata hakuwa na kosa. Elasticsearch haionyeshi kilichoandikwa papo hapo. Hati mpya, yaani nakala ya bidhaa moja humo, huonekana kwenye utafutaji baada ya faharasa kujiburudisha, na kwa kawaida hufanya hivyo kila sekunde 1. Kila mtu anayekutana na matokeo yaliyopitwa na wakati hukimbilia hapo. Lakini bampa letu lilikuwa limepitwa kwa siku tatu.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa na makosa, ila mengine. Kwenye programu, kila sehemu iliyobadilisha bidhaa iliandikwa hivi: hifadhi katika PostgreSQL, kisha tuma nakala Elasticsearch. Mistari miwili inayofuatana, inapendeza kusoma. Katikati ya mistari hiyo miwili ndipo seva inapozimwa, mtandao unapokatika, Elasticsearch inapochelewa kujibu na programu inapokata tamaa. Mstari wa kwanza umeshatekelezwa, wa pili haukufika, na hakuna anayebaki na kumbukumbu kwamba kuna deni. Nilipopekua logi, kumbukumbu za seva, nilikuta maombi ya namna hiyo yaliyokufa njiani. Sehemu moja ilikuwa mbaya zaidi: ilituma nakala kabla muamala haujafungwa. Muamala uliporudishwa nyuma, faharasa ilibaki na bei mpya ambayo kanzidata haijawahi kuwa nayo.

Kuna aliyejaribu kuziba hilo kabla yangu kwa kurudia kutuma baada ya sekunde 30 kila ombi linaposhindwa. Nia nzuri, matokeo mabaya. Chukua taa ya IST. Karani anabadilisha bei, ombi la kutuma nakala linashindwa, linawekwa kando kungoja. Sekunde ya kumi taa inauzwa. Nakala inayosema "imeuzwa" inafika salama. Sekunde ya 30 lile ombi la zamani linaamka, linatuma nakala yake ya zamani yenye bei mpya na hali ya "ipo", na taa inafufuka. Ombi halikupotea, lilichelewa tu, na kuchelewa kukafanya madhara kuliko kupotea.

Hata bila kurudia, maombi mawili yanayokwenda sambamba yanaweza kupishana njiani. La kwanza linasoma mstari wa bidhaa kwenye kanzidata, la pili linaubadilisha na kutuma, kisha la kwanza linatuma lilichokisoma mwanzo. Anayefika wa mwisho ndiye anayeshinda, hata kama habari yake ndiyo kuukuu.

Haya yote yalikuwa ya kweli, na bado hayakueleza bampa. Bampa lilikuwa limeuzwa kaunta, na mauzo ya kaunta hayapiti kwenye ile mistari miwili kabisa.

Mauzo ya kaunta huandikwa kwenye faili la Excel mchana kutwa, kisha jioni mhasibu hulipakia lote kwa mpigo. Programu inalipitia mstari kwa mstari, inabadili hali ya kila bidhaa kuwa "imeuzwa", inaandika hesabu, na yote yanafanyika ndani ya muamala mmoja, ili kosa likitokea mstari wa arobaini, ile thelathini na tisa isibaki nusu. Huo ni uamuzi sahihi na sijaugusa. Faharasa ilitegemea mpita njia mwingine: skripti, programu ndogo iliyoamka kila dakika na kuuliza PostgreSQL, nipe bidhaa zote ambazo updated_at yake, muhuri wa saa ilipobadilishwa mara ya mwisho, ni baada ya mara ya mwisho nilipopita. Kilichobadilika kinakusanywa, kinapelekwa Elasticsearch, na alama ya "nimefika hapa" inasogezwa mbele.

Nilitoa orodha ya kila bidhaa iliyosomeka "ipo" kwenye faharasa na "imeuzwa" kwenye kanzidata. Zilitoka zaidi ya mia mbili. Nikazipanga kwa updated_at nione kama zimekusanyika karibu na siku fulani, labda siku ambayo seva ilizimika. Hazikukusanyika karibu na siku. Zilikusanyika kwenye nukta. Bidhaa kumi na tisa zina 17:02:10.448213. Nyingine ishirini na sita zina muhuri mwingine mmoja, nao unalingana hadi tarakimu ya mwisho ya mikrosekunde. Karibu orodha nzima ilikuwa na mihuri kumi na moja tu. Mtu hawezi kuuza vitu ishirini na sita katika mikrosekunde moja, hata Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Hapo nilirudisha kiti nyuma, maana jibu nilikuwa nalijua muda mrefu bila kulihusisha na sisi. Katika PostgreSQL, now() haikupi saa ya sasa hivi. Inakupa saa ambayo muamala ulianza, na haisogei mpaka muamala uishe. Ukianza saa kumi na moja na dakika mbili na ukamaliza na dakika nne, kila mstari ulioandika unadai umebadilika na dakika mbili.

Sasa fuata saa. 17:02:10, mhasibu anabonyeza pakia; muamala unaanza. 17:03:00, skripti inaamka na kuuliza kilichobadilika. Mistari ya mhasibu imeshabadilishwa, lakini muamala haujafungwa, na PostgreSQL haimwonyeshi mtu mwingine kazi ambayo haijafungwa. Skripti haioni kitu. Inaandika alama yake: nimefika 17:03:00. 17:03:25, muamala unafungwa. Mistari inajitokeza hadharani, kila mmoja na muhuri wa 17:02:10. 17:04:00, skripti inaamka na kuuliza vilivyobadilika baada ya 17:03:00. Hakuna. Haitaviona tena milele, mpaka mtu aviguse kwa sababu nyingine, na bidhaa iliyokwishauzwa nani ataigusa?

Ikaeleza pia kwa nini tuliishi na kasoro hii bila kujua. Siku za mauzo machache upakiaji ulimalizika ndani ya dakika ileile na kila kitu kikaenda sawa. Siku za mauzo mengi ulivuka dakika, na faili zima likapotea kwa mpigo. Yaani tulikuwa tunadanganya wateja zaidi siku tulizofanya biashara vizuri zaidi.

Kuna anayesoma hapa na kusema, tumia clock_timestamp() badala ya now(), hiyo inatoa saa halisi. Nilikwenda huko kwa dakika tano. Haiponyi. Mstari ulioandikwa 17:02:58 ukafungwa 17:03:25 bado unateleza chini ya alama ya 17:03:00. Tatizo haliko kwenye usahihi wa saa. Muhuri unasema lini mstari uliandikwa, skripti inataka kujua lini ulionekana, na kati ya hayo mawili kuna muda ambao hakuna safuwima inayoutunza.

Jioni ile ile niliweka plasta: skripti ikapewa amri ya kurudi nyuma dakika 15 kila inapopita, badala ya kuanzia pale ilipoishia. Kutuma bidhaa moja mara kumi na tano hakuna dhara, ni jasho la seva tu. Mradi hakuna muamala unaozidi dakika 15, hakuna kinachopotea. Kwa duka dogo naona hata ungeweza kuishi na plasta hiyo miaka. Ila haikugusa bidhaa zinazofutwa kabisa. Mstari ukifutwa, hauna updated_at ya kuulizia, kwa hiyo mpita njia wa dakika hawezi kuona pengo. Matangazo yaliyoingizwa kimakosa na kufutwa yalikuwa bado yanatafutika.

Kwa suluhisho la kudumu kulikuwa na njia mbili za maana.

Ya kwanza ni kusoma daftari la kanzidata yenyewe. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye daftari liitwalo WAL kabla ya kuligusa jedwali, na tangu toleo la 9.4, la mwaka 2014, programu ya nje inaweza kulisoma daftari hilo badiliko kwa badiliko, kwa mpangilio ambao miamala ilifungwa. Mpangilio wa kufungwa, kile hasa tulichokikosa. Programu iitwayo Debezium hufanya kazi hiyo na kumwaga mabadiliko kwenye Kafka, mfumo wa kupitisha ujumbe, na kampuni kubwa zinaishi hivyo. Kafka yenyewe ilizaliwa LinkedIn na kuwekwa huru mwaka 2011. Nilivutiwa, nikaacha. Msomaji wa daftari hupewa nafasi maalumu, na kanzidata huahidi kutotupa kurasa ambazo hajazisoma. Msomaji akizimika Ijumaa usiku na hakuna aliyegundua, kurasa zinarundikana hadi diski inajaa, na diski ikijaa inasimama kanzidata yenyewe, siyo utafutaji tu. Tangu toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size ya kuwekea kikomo, lakini usipoiweka mwenyewe, kikomo hakipo. Sisi ni watu wawili, na mmoja wetu ndiye anayetengeneza pia printa. Sikutaka chombo ambacho kikilala kinaua duka zima.

Tukachukua ya pili: jedwali la foleni, ndani ya PostgreSQL hiyo hiyo. Triga, amri inayojiendesha yenyewe jedwali linapoguswa, kwenye jedwali la bidhaa huandika namba ya bidhaa kwenye foleni kila inapoongezwa, kubadilishwa au kufutwa, ndani ya muamala uleule. Muamala ukifungwa, deni limeandikwa. Ukirudishwa nyuma, deni linafutika nao. Haijalishi badiliko limetoka kwenye tovuti, kwenye faili la mhasibu, au kwa mimi nikiandika amri za SQL, lugha ya kanzidata, kwa mkono usiku. Hakuna anayeweza kusahau, kwa sababu hakuna anayetakiwa kukumbuka.

Kisha vibarua, programu ndogo zinazokaa zikichukua kazi kwenye foleni. Huchukua kwa FOR UPDATE SKIP LOCKED, amri iliyoingia na toleo la 9.5, ambayo inamwambia kibarua achukue mistari isiyoshikwa na mwenzake bila kusubiri. Anasoma hali ya sasa ya bidhaa kutoka kwenye jedwali, anaipeleka Elasticsearch, akijibiwa sawa anaifuta ile mistari ya foleni aliyoichukua. Akifa katikati, mistari inabaki na kibarua mwingine anairudia.

Hapo nilikaribia kuanguka kwenye shimo lilelile nililotoka. Rasimu yangu ya kwanza haikufuta mistari. Ilikumbuka namba ya mwisho iliyosomwa na kuuliza kubwa kuliko hiyo. Namba zinazojiongeza zenyewe, si zinapanda tu? Zinapanda, lakini hutolewa wakati wa kuandika, siyo wakati wa kufunga. Mhasibu anapewa 104 na anaendelea na faili lake, karani anapewa 105 na anafunga mara moja. Kibarua anaona 105, anaandika "nimefika 105", na 104 inapojitokeza imeshapitwa. Ni kosa la saa, limevaa nguo za namba. Mwenzangu ndiye aliyeliona, kwa kuniuliza tu, "Kaka, na hii yenyewe si ni ileile?"

Kuhusu kufuta pia, futa kwa namba ya mstari wa foleni, siyo kwa namba ya bidhaa. Ukifuta "kila deni la bidhaa 8812", unaweza kufuta na deni lililoingia sekunde hii wakati wewe umebeba hali ya sekunde iliyopita.

Kilichobaki ni vibarua wawili kupishana na bidhaa moja. Hapa nilitegemea kitu ambacho Elasticsearch inacho tangu zamani na wengi hatukitumii: unaweza kuiambia namba ya toleo la hati inatoka nje, na yenyewe itakataa hati yoyote ambayo toleo lake halizidi lililopo. Tuliongeza safuwima iitwayo toleo kwenye bidhaa, na triga huiongeza 1 kila badiliko. Kwa kuwa mstari mmoja hauwezi kubadilishwa na miamala miwili kwa pamoja, namba hiyo haipishani. Ile nakala kuukuu ya taa ya IST, ingekuja na toleo la 6 ikikuta la 7 limekaa, ingepokewa kwa jibu la 409, yaani "kuna mgongano", na kurudi ilikotoka. Kibarua akipata 409 anajua mwenye habari mpya zaidi alishapita, anafuta deni, anaendelea.

Kwa bidhaa zilizofutwa kuna mtego mdogo. Elasticsearch hukumbuka toleo la hati iliyofutwa kwa sekunde 60 tu, isipobadilishwa. Baada ya hapo, nakala ya zamani iliyochelewa inapokewa kama mgeni mpya. Kwa hiyo hatufuti moja kwa moja. Tunaandika hati yenye alama ya "imefutwa", utafutaji unairuka, na usafi unafanyika usiku.

Jambo lililonisumbua zaidi kuliko nilivyotarajia ni majina. Hati ya faharasa haitoki kwenye jedwali moja: inabeba jina la duka, aina ya gari, kundi la spea. Duka moja likabadilishwa jina, na bidhaa zake zikaendelea kutafutika kwa jina la zamani, kwa sababu triga ilikaa kwenye bidhaa na bidhaa haikuguswa. Tukaweka triga na kwenye majedwali hayo, ipandishe toleo la kila bidhaa inayohusika. Inafanya kazi, lakini siku mtu aliposahihisha herufi moja kwenye kundi la "Taa", foleni ilipokea maelfu ya madeni kwa mpigo na mauzo ya kweli yakasubiri nyuma yao. Sasa foleni ina milango miwili: mabadiliko ya hali na bei yana mlango wao.

Baada ya hayo niliandika mkaguzi wa usiku. Awali tulikuwa na ukaguzi, tena wa kujivunia: kila saa tulihesabu bidhaa pande zote mbili na kulinganisha. Hesabu zilikuwa karibu sana muda wote ule wa uongo! Bampa lililouzwa halikuondoka kwenye faharasa wala kwenye kanzidata. Hali yake tu ndiyo ilitofautiana. Mkaguzi mpya anachukua namba na toleo la kila bidhaa kutoka pande zote mbili, zimepangwa, na kuzipitia kama wahasibu wawili wanaosomeana daftari. Zisipolingana, na tofauti ikiwa na umri wa zaidi ya dakika chache, anaandika deni kwenye foleni na kunitumia ujumbe. Usiku wa kwanza alinitumia maelfu ya tofauti, nikashtuka, kumbe upande mmoja nilikuwa nimepanga namba kama namba na upande mwingine kama maandishi, ambako 10 inatangulia 9.

Lakini kilichonyamazisha simu za malalamiko hakikuwa kimoja cha hivi. Kilikuwa mistari michache niliyoiandika siku ya pili, kabla ya triga na vibarua. Faharasa inaporudisha matokeo 20, tunachukua namba hizo 20, tunaiuliza PostgreSQL hali na bei zake kwa ombi moja, tunaondoa zilizouzwa, ndipo tunaonyesha. Kutafuta mistari 20 kwa ufunguo wake mkuu ni kazi ambayo PostgreSQL haihisi. Gharama yake ni ukurasa wenye matokeo 17 badala ya 20, na jumla ya juu isiyolingana na kilicho chini. Dada wa simu aliliona hilo siku hiyo hiyo, akauliza, nikamweleza. "Ah, mimi nipungukiwe tu," akasema, "kuliko kutukanwa."

Tulipofikiri tumemaliza, mkaguzi alileta kitu kipya kutoka seva ya majaribio: bidhaa ambazo toleo lake kwenye faharasa lilikuwa kubwa kuliko kwenye kanzidata. Nakala inayomzidi mwenye asili. Mwenzangu alikuwa amerudisha kanzidata ya majaribio kutoka kwenye bekapu ya wiki iliyopita, na matoleo yakarudi nyuma nayo. Faharasa haikurudi. Kuanzia hapo kila badiliko lilipelekwa na toleo la 5 likikuta la 9, likajibiwa 409, na kibarua, kama nilivyomfundisha, akaona ni sawa, akafuta deni kimyakimya. Tungerudisha bekapu ya duka lenyewe siku moja ya shida, tungekuwa na foleni tupu, vibarua wenye afya, na faharasa iliyogoma kusikia chochote.

Sasa kurudisha bekapu kunakwenda pamoja na kujenga faharasa mpya. Inajazwa pembeni wakati vibarua wanaandika kote kuwili, ya zamani na mpya, na jina ambalo tovuti inalitumia linahamishwa kwa amri moja pale faharasa mpya inapokamilika. Na kibarua akipata 409 analinganisha kwanza. Toleo la faharasa likiwa kubwa kuliko la kanzidata wakati huo huo, hafuti deni. Anasimama na kuniamsha. Hajaniamsha bado, isipokuwa mara moja, saa nane usiku, na siku ile ni mimi niliyekuwa nimesahau kuzima jaribio.